Wanataka bibi afumbue macho

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwandishi wa skripti, niko Tanga. Nimekigeuza kitabu kimoja cha watoto, ambacho wengi wetu tulikisoma shule ya msingi, kuwa tamthilia ya vipindi sita. Mtunzi alishafariki miaka ya karibuni, na familia yake imeniruhusu. Ni hadithi ya mtoto wa kisiwani anayelelewa na bibi yake kipofu. Kituo cha televisheni kimeipenda, lakini kwenye kikao cha pili wamekuja na mabadiliko: bibi asiwe kipofu kwa kuwa "inahuzunisha", na ikiwezekana awe shangazi wa makamo, kisiwa kiwe mtaa wa mjini, aongezwe kasuku anayesema, na mwishoni mtoto ashinde mashindano ya shule. Mkataba haujasainiwa. Unasema "mwandishi atashauriwa katika hatua zote". Nimesoma kwamba hata Ursula Le Guin kazi yake ilivurugwa na televisheni, naye alikuwa na jina kubwa. Kama yeye alishindwa, mimi nitaweza nini? Nikubali, nikatae, au niwauzie kisha niondoe jina langu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Katika barua yako yote, sentensi iliyonifanya nivute kiti nikae vizuri ni ile ya mkataba haujasainiwa. Wengi wanaoniandikia wameshasaini, wameshalipwa nusu, na hiyo nusu wameshaila. Hao huwa sina la kuwapa zaidi ya pole. Wewe bado unashikika.

Nianze na Le Guin kwa kuwa umemtaja, halafu kisa chake husimuliwa kombo. Watu husema wakubwa wa televisheni walimdhulumu. Ukisoma maelezo yake mwenyewe utaona kwamba kwenye karatasi hakudhulumiwa kitu. Alisaini, na neno alilosaini ni ndugu wa hilo lililo kwenye mkataba wako.

Kitabu chake A Wizard of Earthsea kilitoka 1968. Kinamhusu Ged, kijana mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont, anayekuja kuwa mchawi mkubwa (wa kutiisha upepo na mawimbi, si wa kumroga jirani). Sasa sikiliza rangi za watu. Ged ana ngozi ya wekundu wa kahawia. Rafiki yake wa chuoni, Vetch, ni mweusi kabisa. Weupe wenye nywele za njano ni Wakargi, wavamizi wanaoshuka pwani na mapanga kuja kuchoma vijiji. Mwandishi Mmarekani, mwanamke mweupe, anaandika hivyo mwaka 1968, wakati ambapo shujaa wa hadithi za namna hiyo alikuwa mweupe bila hata kuulizwa. Alifanya makusudi, na baadaye akaeleza kwamba rangi ya Ged aliichomeka polepole, ili mtoto mweupe anayesoma awe ameshampenda kijana huyo kabla hajagundua kwamba hafanani naye. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua anachofanya. Hata hivyo, kwa miaka mingi wachoraji wa majalada walikuwa wakimpaka Ged weupe, naye akigombana nao.

Desemba 13 na 14 mwaka 2004, Sci Fi Channel ya Marekani ikarusha tamthilia yake. Ged akawa Shawn Ashmore, kijana mweupe. Miongoni mwa wanaume wakuu wa hadithi, mweusi alibaki mmoja tu, Danny Glover, aliyeigiza Ogion, mwalimu wa Ged. Siku chache baadaye Le Guin aliandika makala kwenye jarida la Slate kueleza ilikuwaje. Wakati anauza haki, aliambiwa kwamba Philippa Boyens, mmoja wa waandishi wa skripti za filamu za The Lord of the Rings, ndiye atakayeandika. Hilo ndilo lililomtuliza akauza. Miezi ikapita. Kituo kilipokubali kutengeneza, Boyens hayupo tena, mtayarishaji ni mwingine na skripti ni nyingine. Na yeye mkataba wake ulimwita mshauri, cheo ambacho kwa maneno yake maana yake ni chochote watakacho watayarishaji, na mara nyingi wanachotaka ni kisiwe na maana. Alipoiona skripti, upigaji picha ulikuwa umeshaanza.

Lakini kuna badiliko moja katika tamthilia ile ambalo mimi hulifundishia kuliko hata la rangi, kwa sababu ni dogo kiasi kwamba ukikaa kikaoni hulioni. Ulimwengu wa Earthsea umesimama juu ya majina. Kila mtu ana jina la kuitiwa, na ana jina la kweli ambalo analijua yeye na wachache anaowaamini kwa maisha yake, maana anayelijua jina lako la kweli ana uwezo juu yako. Kitabuni, barabarani kijana anaitwa Sparrowhawk. Ged ndilo la siri. Kwenye televisheni waliyageuza: Ged likawa la kuitiwa na kila mpita njia, Sparrowhawk likawa la siri. Ukisikia hivyo unaweza kusema, majina mawili tu yamebadilishana viti, tatizo nini? Lakini kitabuni kuna mahali ambapo Ged ameaibika, ameharibu, hata nguvu zake mwenyewe haziamini tena, ndipo Vetch anamwambia jina lake yeye Vetch, lile la kweli. Hampi fedha wala silaha, anampa jina. Msomaji aliyelelewa na kitabu kwa kurasa nyingi kujua jina ni nini, pale anakabwa koo. Anayetazama tamthilia ambayo jina la siri la shujaa limekuwa likipigiwa kelele tangu asubuhi atahisi nini? Kwetu watoto wengi wana jina la shuleni na jina la nyumbani. Mwite mtu mzima jina lake la nyumbani mbele ya wafanyakazi wenzake uone atakavyogeuka. Le Guin aliona mbali, na kwenye meza ya kituo ikaonekana ni suala la tahajia.

Basi hilo la kwanza: neno "atashauriwa" halina meno. Kumshauri mtu ni kumpigia simu akiwa sokoni, kumwambia "bibi tumemtoa", akasema "jamani", mkakata simu. Ameshashauriwa. Unachotaka wewe ni neno "idhini ya maandishi", na ulifunge kwenye mambo machache yanayotajwa kwa majina.

Hata idhini yenyewe ina mipaka yake. P. L. Travers, mwandishi wa vitabu vya watoto vya Mary Poppins, alimkatalia Walt Disney miaka kwa miaka, na alipokubali alipata haki ya kuidhinisha skripti. Mwaka 1961 alikaa nao California akipitia mstari kwa mstari. Filamu ikatoka 1964, na sehemu ya katuni ambayo hakuitaka ikawamo. Haki yake iliishia kwenye karatasi. Chumba cha uhariri kilikuwa cha Disney. Kwa hiyo idhini yako iguse skripti ya mwisho na pia mkato wa mwisho, yaani picha ilivyokwisha kuhaririwa, angalau kwa yale mambo uliyoyataja. Kituo kitasita kwenye mkato. Wasipokubali kabisa, omba uoneshwe mkato siku kumi kabla haujafungwa, na pingamizi lako lijibiwe kwa maandishi.

Umeuliza una nini mkononi. Una sheria, japo si upanga mkali kama wanaharakati wanavyoupigia debe. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu marekebisho yaliyofanyika Roma mwaka 1928, unatambua haki za kimaadili za mtunzi, na Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 nayo inazitambua: kutajwa kuwa mtunzi, na kupinga kazi yako kupotoshwa kwa namna inayoharibu heshima au sifa yako. Kenya wanazo katika sheria yao ya 2001. Ugumu uko kwenye kuthibitisha "heshima au sifa". Kumfanya bibi aone si rahisi kumshawishi hakimu kwamba umedhalilishwa, hasa kama kuna karatasi yenye sahihi yako inayoruhusu mabadiliko.

Kesi ninayoipenda mimi ni ya Marekani, nchi ambayo kwa haki hizi ni bahili. Mwaka 1975 kituo cha ABC kilichukua vipindi vitatu vya kundi la wachekeshaji la Monty Python la Uingereza, kikavibana kwenye nafasi ya dakika 90, na dakika 24 zikakatwa ili kupata mahali pa matangazo na kuondoa kilichoonekana kichafu. Vichekesho vikabaki bila mwisho. Mtu anatega, hakuna anayenasa. Kundi likashtaki, na mwaka 1976 mahakama ya rufaa ikawaunga mkono. Silaha yao kubwa unajua ilikuwa nini? Mkataba wao wa zamani na BBC. Ndani yake BBC ilikuwa imekubali kwamba skripti ikishakabidhiwa haitaibadilisha ila kwa mambo madogo, na kwa utaratibu uliopangwa. Mahakama ikasema BBC haikuweza kumpa mtu mwingine ruhusa ambayo yenyewe haikuwa nayo. Aliyeuziwa nusu ya embe hawezi kukuuzia embe zima. Kifungu kile kilisainiwa London, na kikaja kuwaokoa New York, mbele ya watu ambao hawakuwahi kukaa nao meza moja. Ndiyo maana nakusumbua na vifungu wakati wewe ulitaka tuzungumze sanaa.

Haya, tuje kwenye sanaa. Na hapa nitakuudhi kidogo, kwa sababu siamini kwamba wakuu wa vipindi ni maadui. Nimekaa upande wao wa meza miaka sita. Mkuu wa vipindi anaogopa vitu vitatu: mdhamini kujitoa, wazazi kupiga simu, na mtoto kubadilisha chaneli. Hofu yake mara nyingi ni ya kweli. Dawa anayoiandika ndiyo huwa ya ugonjwa mwingine.

Nikupe cha kwangu. Zamani nilikiandikia kituo kimoja hekaya za Abunuwasi kwa watoto. Ile ya sufuria unaijua: anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha ikiwa na kisufuria ndani, anasema ilizaa, na jirani anapokea vyote viwili kwa furaha. Mara ya pili anaazima, harudishi, anasema imekufa. Jirani anang'aka, sufuria hufaje? Naye anajibu kwamba kilichozaa hakishindwi kufa. Skripti ikanirudia na wino mwekundu ukurasa wa mwisho: "Abunuwasi amrudishie jirani sufuria na kuomba radhi. Tusifundishe wizi." Nilikuwa kijana, nilikuwa na kodi ya nyumba, nikaandika. Kikarushwa Jumamosi asubuhi. Mtoto wa mpangaji mwenzangu, wa miaka saba hivi, alikuwa amekaa kwenye mkeka wangu anakula mhogo. Akanigeukia akaniuliza, "Mbona anairudisha, si imekufa?"

Nimesahau tuzo nilizopewa, lile swali sijalisahau. Mtoto alikuwa ameshaelewa kwamba mwizi wa hadithi ile ni jirani, aliyekubali uongo ulipomnufaisha. Radhi ya Abunuwasi ilimgeuza jirani kuwa mtu mwema aliyeonewa. Lakini sasa, na huu ndio utu uzima, hofu ya yule mkuu wa vipindi haikuwa upuuzi: kuna mzazi angepiga simu. Dawa ilikuwepo, sikuitafuta. Ningemwonesha jirani dukani mwake mapema, akibonyeza mizani kwa kidole anapompimia mjane unga. Dakika moja tu ya picha. Baada ya hapo hakuna mzazi ambaye angemlilia kwa ajili ya sufuria.

Sasa mabadiliko yako manne. Umeyaleta kama mzigo mmoja, na ndivyo kituo kinavyopenda, maana ukipewa kapu zima utakubali au utakataa zima. Yatenganishe.

Upofu wa bibi usiuachie hata inchi, na uwaeleze kwa nini kwa lugha ya kazi, usiwape hotuba ya kuheshimu marehemu mtunzi. Kwa ulivyonieleza kwenye kiambatisho, mtoto ndiye macho ya bibi: anamsimulia mawingu, anamsimulia jahazi gani limeingia na limekaa kwa upande gani. Ukimpa bibi macho, yale maneno yote ya mtoto hayana wa kuambiwa. Anabaki mtoto anayesema peke yake ufukweni, na utalazimika kumwandikia sababu ya kusema. Hapo umeongeza kazi, hujapunguza. Mwoneshe mkuu wa vipindi skripti ya kipindi cha pili, muhesabu pamoja ni mazungumzo mangapi yanakufa. Watu wa televisheni huelewa hesabu.

Lakini isikilize hofu iliyo chini: anaogopa huzuni. Na mimi nimesoma kipindi chako cha kwanza, mwanangu, bibi anahema na kulalamika kurasa nne. Hapo yeye ana haki. Vipofu ninaowajua mimi wana midomo. Mpe bibi utani. Awe yeye ndiye anayejua kwa harufu nani kaivisha mchuzi na nani kaunguza, amtambue mdaiwa wake kwa mlio wa ndala anapojaribu kupita kimyakimya. Atakapochekesha kipindi cha kwanza, hakuna atakayekumbuka kuomba shangazi. Hata mdhamini, akiwa ni wa juisi, atataka bibi ainywe.

Kisiwa kuwa mtaa: hili usilijibu kabla hujauliza. Mara tisa katika kumi si suala la hadithi, ni gharama ya boti, mafuta na kulaza watu ishirini usiku. Ukiwaambia una mpango wa kupiga picha zote za ufukweni kwa siku nne na nyingine zote kwenye ua mmoja bara, huenda ombi likayeyuka lenyewe. Skripti yako ina maeneo kumi na saba. Punguza. Hiyo ni kazi yako, si ya mwongozaji.

Mashindano ya shule mwishoni nayaona ni maji ya kuongezea mchuzi. Kitabu kinaisha mtoto akimsimulia bibi jambo ambalo halikutokea, ili amfariji, na bibi anajua, ananyamaza. Umalizio wa namna hiyo hupatikana mara moja katika maisha ya mwandishi, uombee usikatwe na mtu mwenye haraka ya chakula cha mchana. Hapa una mfano mzuri wa kuwatajia: Desemba 9, 1965 kituo cha CBS cha Marekani kilirusha kipindi cha katuni cha A Charlie Brown Christmas, na wakuu wake waliokitazama kabla walikiona cha polepole na kisicho na kicheko. Charles Schulz, mtunzi wake, alikuwa amekataa vicheko vya kurekodi. Karibu nusu ya waliokuwa wakitazama televisheni Marekani usiku ule walikitazama, na kimerudiwa Krismasi baada ya Krismasi. Lakini usikitumie kama ushahidi kwamba mwandishi hakosei. Kiliokoka pia kwa sababu tarehe ilishatangazwa na muda wa kukirekebisha haukuwepo.

Kuhusu kuuza kisha kuondoa jina: inafanyika. Harlan Ellison, mwandishi Mmarekani mwenye jina kubwa, alilitoa lake kwenye tamthilia ya The Starlost mwaka 1973, akaweka la kubuni, Cordwainer Bird, na waliomjua walielewa ni tusi. Yeye alikuwa Ellison. Wewe hii ni kazi yako ya kwanza kubwa, na jina la kubuni kwako ni kujificha tu. Hata hivyo haki ya kuliondoa iwe kwenye mkataba, na iandikwe wazi kwamba malipo hayapungui ukiitumia.

Kuna kitu kimoja hukukiuliza na ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi. "Familia imeniruhusu." Nani katika familia, na kwa karatasi gani? Kwa sheria yetu hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, kwa hiyo kitabu hicho bado kina wenyewe. Kama ruhusa ni ya mdomo, ya mjomba uliyekutana naye msibani, kituo kinaweza kuzunguka nyuma yako, kikasaini na mtoto wa kwanza wa marehemu, na wewe ukabaki na skripti ya kusomea nyumbani. Pata ruhusa ya maandishi kutoka kwa wasimamizi wa mirathi. Na ndani yake familia iseme inaruhusu kitabu kigeuzwe mradi upofu wa bibi na umalizio wa hadithi vibaki. Umekumbuka Monty Python na BBC? Ukienda kikaoni na barua hiyo, huna haja ya kubishana na mtu. Unawaambia kwa upole kabisa kwamba hilo huna ruhusa ya kuliuza.

Kila kikao kikiisha, usiku huohuo waandikie barua pepe fupi: tulikubaliana hili, hili bado. Usiilete kwa ukali. Ni kumbukumbu tu.

Kasuku wape. Tena wape mapema, kabla hawajaketi, na umfanye awe wa bibi.